Funza Wamejaa Mpaka Wanauza

Jina langu la kwenye kitambulisho ni Zuwena, lakini ukija Kasingirima, hapa Kigoma, kumuulizia Zuwena utaonyeshwa akina Zuwena watatu kabla yangu, na mmoja wao ni mbuzi. Uliza Mama Funza. Hapo hata mtoto anayetambaa atakuelekeza.

Vijana wa Katubuka mnaofuga wadudu wa kulishia kuku, mlikuja kwangu mwezi uliopita na daftari jipya, mkaniuliza, "Bibi, biashara yako ilianzaje?" Nikawaambia mniachie daftari niandike mwenyewe. Niliishia darasa la tano, lakini darasa la tano la wakati ule lilikuwa na mwandiko. Haya, someni, na msirukie mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kuna funza wa mguuni, yule anayeingia chini ya ukucha na kumtia mtu aibu mbele ya wenzake. Huyo sikuwahi kumuuza. Funza wangu mimi ni wa kwenye masega ya nyuki. Kuna nondo mmoja wa rangi ya majivu, hana sura ya kukumbukwa, huingia kwenye mzinga wenye nyuki wachache na kutaga mayai. Watoto wake ni weupe, wanono, wana kichwa kidogo cha kahawia, na hula nta kama wamelipiwa. Wakimaliza, sega lote linakuwa utando na uchafu mweusi kama mbegu za mchicha. Wasomi huwaita mabuu ya nondo wa nta. Sisi tuliwaita funza, na hilo neno nusura litutawanye mimi na wadogo zangu.

Tulikuwa wanne: mimi, Hamisi, Tatu na Mrisho. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku ya arobaini ya mama, baba mdogo Saidi, mdogo wake marehemu baba, alitukalisha mkekani. Alikuwa fundi cherehani kule Kasulu, mtu wa miwani na sauti ya kutangazia mkutano.

"Nawaachia mkae pamoja mpaka mvua ziishe," akasema. "Lakini nikisikia mmoja kalala njaa, au mmoja kaacha shule, au mmoja ana funza, siku hiyo hiyo nawagawa. Hamisi atakuja kwangu. Tatu kwa shangazi yenu Uvinza. Mrisho kwa bibi yenu, ng'ambo ya mto Malagarasi."

"Na mimi, baba?"

"Wewe utaolewa."

"Na nani?"

"Atapatikana."

Nikamkumbusha kwamba shule nimeshaiacha tayari. Akasema mimi sihesabiwi. Basi masharti yakabaki matatu kwa wadogo zangu watatu: njaa, shule na funza. Kumbukeni hilo la tatu, maana mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikwenda kuwaleta funza nyumbani kwa maelfu.

Ilianza hivi. Nilikuwa napanda kwenda Simbo kumenya mihogo kwa Mzee Ntahondi, naye alinilipa mihogo. Alikuwa na mizinga kama ishirini juu ya miti nyuma ya shamba. Asubuhi moja nimefika, nimesalimia "Mwakeye, Mzee," nikasikia matusi ya Kiha yanashuka kutoka mtini, marefu, yenye vituo na koma. Nikajua sijatukanwa mimi, maana mengine yalimtaja mama yake nondo. Alikuwa amefungua mzinga akakuta utando mtupu. Akalitupa sega chini miguuni pangu.

"Peleka mbali! Mbali kabisa! Sitaki kuwaona!"

Mimi nikaona sega, nikafikiria asali. Nikalifunga kwenye khanga mpaka nyumbani. Tulipolifungua, asali hakuna hata ya kulamba, ila funza wanachezacheza. Tatu alilia. Hamisi alinitazama kwa huruma. Mrisho, aliyekuwa na miaka sita na haki ya kuwa mjinga, akajaza kopo akaenda nao mwaloni kuwatupa majini mmoja mmoja.

Hapo kwenye mawe palikuwa na kijana mrefu, Athumani, anavua ngege kwa mshipi na hapati kitu. Akaona maji yanachemka mbele ya mtoto. Ngege wanagombana kama wanawake kwenye foleni ya bomba.

"Dogo, hicho unachotupa kipo kingine?"

"Kipo nyumbani. Dada amekibeba kwenye khanga."

Ndivyo nilivyopata mteja wa kwanza.

Kesho yake nilirudi kwa Mzee Ntahondi na kumwambia, "Kila mzinga ulioharibika niite mimi, nitausafisha bure, takataka zote zangu." Akaniangalia kama nimeomba kuoga kwenye choo chake. Kisha akakubali. Kwa miaka mingi alinifundisha yale ambayo sasa nawapa ninyi. Akili ya funza ni tumbo. Mzinga wenye nyuki wengi hauna funza, kwa hiyo ukiona funza usimlaumu funza, jiulize nyuki wameondoka kwa nini. Usikung'ute sega bovu karibu na mzinga mzima, peleka mbali, mabaki choma moto. Na nyuki wakikufuata usikimbie. Hili la mwisho nilifundishwa baada ya kukimbia. Nilikimbia mpaka barabarani, khanga nikaiacha kwenye mti wa miiba. Mzee Ntahondi akapaza sauti kule nyuma:

"Rudi uchukue khanga yako! Nyuki hawavai!"

Sasa kosa langu kubwa, na hapa nataka muandike pembeni. Funza wa sega hawekwi kwenye mfuko wa plastiki. Wakati ule mifuko ya rambo ilikuwa bado haijapigwa marufuku, nami niliiona ni kitu cha maana. Nikajaza mfuko, nikauning'iniza kwenye msumari ukutani, nikaenda Simbo. Kumbe kiumbe anayekula nta anaona rambo ni sikukuu. Waliutoboa mfuko, wakashuka ukuta, wakasambaa. Niliporudi walikuwa kwenye fremu ya mlango, kwenye sanduku la kanzu za baba, ndani ya kiatu cha shule cha Hamisi. Wanapotaka kulala na kugeuka nondo huchimba mbao, wakajitengenezea vitanda vyao. Ile fremu mpaka leo ina mashimo.

Ukuta wetu na wa Bi Chausiku, jirani, ulikuwa wa udongo wenye nyufa. Bi Chausiku alikuwa mwanamke msafi sana, na habari yoyote ikimfikia haikai. Asubuhi tukamsikia upande wa pili:

"Mamaa! Nani kaniletea mchele unaotembea kitandani?"

Tulikwenda wote wanne, tukamwokotea funza wake mmoja mmoja, tukamwomba radhi. Alikubali radhi kwa mdomo. Lakini wiki hiyo hiyo alisafiri kwenda Kasulu kwenye harusi, na nguo yake ya harusi ilishonwa na nani? Na baba mdogo Saidi. Wakati anapimwa kiuno akaulizwa habari za watoto wa marehemu. Nasi tuliyasikia baadaye maneno aliyojibu, kwa kinywa chake mwenyewe, bila haya:

"Watoto wazima, lakini funza! Saidi, funza wamejaa ile nyumba mpaka wamevuka ukuta wakaja kwangu. Wamejaa mpaka wanauza!"

Sisi huku hatuna habari. Tumeshapata akili, tumewahamishia funza kwenye chungu kikubwa cha mama. Chungu hawakitoboi, wala chupa, wala kopo la bati. Mdomo tukaufunika kwa bati lililotobolewa tundu ndogo kwa msumari. Chini tukaweka pumba zilizochanganywa na asali kidogo na vipande vya masega ya zamani. Chungu tukakiweka karibu na mafiga, maana joto huwakuza haraka. Ukitaka wasikue, wasogeze penye ubaridi, watakusubiri. Wafugaji wa sasa mna vifaa na vipimajoto. Mimi kipimajoto changu kilikuwa Mrisho. Nikimwambia akae pale chungu kilipo, akianza kutoka jasho, ninajua ni sawasawa.

Hamisi, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, aliandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi na kukipigilia mlangoni: FUNZA WAPO. KARIBUNI NDANI.

Mvua zilikuwa zinakaribia kuisha. Ijumaa mchana, tumetoka kula ugali wa muhogo, mlango ukafunikwa na kivuli. Baba mdogo Saidi kasimama, shangazi wa Uvinza nyuma yake. Shangazi kabeba beseni, chupa ya mafuta ya taa na kikaratasi cha pini. Baba mdogo alisoma lile boksi. Akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaeni mkekani. Miguu mbele. Wote."

Tukakaa, miguu mbele. Hatukuuliza, kwa sababu ile sauti haikuwa ya kuulizwa. Alipiga magoti, akaanza kukagua kidole kimoja kimoja, anabonyeza ukucha, anainua, anaangalia chini yake, anahesabu kwa sauti. Shangazi kashika pini tayari kama muuguzi. Akafika arobaini. Akahesabu upya, safari hii akapata arobaini na moja, akagundua kimoja ni chake.

"Havina kitu," akasema. Alionekana kama ameibiwa. "Funza wako wapi?"

"Wako kwenye chungu, baba," nikasema.

"Kwenye chungu?"

"Ego, ndiyo. Mguuni watakaaje?"

Shangazi akashusha pini. "Mnawatoa miguuni mnawaweka kwenye chungu?"

"Hapana, shangazi. Tunawaleta kutoka Simbo."

"Mnawafuata funza Simbo! Kwa miguu!"

"Tunawalisha pumba na asali," Tatu akaongeza, akidhani anasaidia.

Baba mdogo akasimama. "Yaani ninyi mnapata asali?"

"Sisi hatupati. Funza ndio wanapata."

Sasa hapo ningeweza kueleza vizuri mambo yakaisha. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini Mrisho akawahi, kwa furaha ya mtoto aliyeona wageni wanafurahia mazungumzo:

"Na wale wanono tunakula!"

Shangazi alitoa sauti ambayo Bi Chausiku aliisikia, akaja mbio, akasimama mlangoni na kusema, "Si niliwaambia?"

Nilikileta chungu nikakifunua mbele yao. Nikawaonyesha sega, nikaeleza nondo, nyuki, ngege, Athumani na mshipi wake. Baba mdogo akasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Nilidhani amenielewa. Alikuwa amenielewa, ndiyo shida.

"Kwa hiyo si funza wa miguuni," akasema polepole. "Hilo nimelifuta. Lakini watoto wa kaka yangu wanakula wadudu wa masega. Hiyo ni njaa, Zuwena. Ni lile sharti la kwanza." Akamgeukia Hamisi. "Kusanya nguo zako."

Hamisi alisimama, akaenda kwenye sanduku, akaanza kukunja shati lake la shule. Tatu akamshika Mrisho kiunoni kwa mikono miwili. Jambo pekee nililoweza kufikiria ni kwamba watu hawa wametoka mbali na sijawapa chakula.

Nikawasha moto.

Andikeni pembeni tena, maana hapa pana kazi. Funza wa kula hachukuliwi moja kwa moja kutoka kwenye sega. Unamkalisha kwenye pumba safi siku nzima tumbo lisafike, na sisi tulikuwa na kopo la waliokwisha kufunga. Unawatumbukiza kwenye maji yanayochemka, unahesabu mpaka kumi, unawachuja. Kisha kikaango kikavu. Kigoma hii hakuna kitu kisichotiwa mawese, lakini hawa usiwatie hata tone, wana mafuta yao wenyewe. Unageuzageuza mpaka wawe rangi ya karanga na waanze kulia tsii. Chumvi mwisho. Na usile wa kwenye masega yaliyopigwa dawa, wala usimpe mtu ambaye akila kamba wa baharini mwili humwasha.

Harufu ikaanza kutoka. Ni harufu ya karanga na asali kwa mbali. Niliwawekea kwenye sahani na ugali uliobaki, nikasema, "Karibuni, baba. Ndicho tulicho nacho."

Shangazi aligeuza uso ukutani. Baba mdogo akasema hawezi kula, ila lazima aangalie watoto wanalishwa nini ili awaambie wazee kule Kasulu. Akachukua mmoja kwa vidole viwili. Akamtafuna upande mmoja wa mdomo, macho yamefumbwa.

"Hmm."

Akachukua wawili. "Huyu anafanana na kumbikumbi."

"Anafanana, baba."

"Kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Wale wenyewe." Akamega ugali. "Lakini haifai, Zuwena. Mtoto anatakiwa ale vizuri." Akatia mkono. "Ale ashibe." Akatia tena. "Mimi siwezi kukubali watoto wa damu yangu," akatafuna, akameza, "waishi hivi. Huyu aliyeungua kidogo ndiye mtamu. Hamisi, nguo umekunja?"

"Nakunja, baba."

Aliendelea kutukataza huku anakula, na kila katazo lilikuwa na tonge lake. Shangazi aligeuka kutoka ukutani akakuta sahani nyeupe.

"Saidi! Umemaliza!"

Baba mdogo akaitazama sahani kama imeletwa na mtu mwingine. Bi Chausiku mlangoni alikuwa anatikisika mabega, khanga mdomoni.

"Nilikuwa nakagua," baba mdogo akasema.

"Umekagua na ugali wote?"

Akajifuta mikono. Akatutazama mmoja mmoja, akaanzia kwangu, akaishia kwa Mrisho aliyekuwa analia kimyakimya ndani ya gauni la Tatu. Akaiangalia tena miguu yetu. Nadhani aliona tumenenepa, maana kweli tulikuwa tumenenepa.

"Hamisi, kunjua nguo," akasema. "Ukaguzi haujaisha. Nitarudi mwezi ujao."

Alirudi. Akarudi tena mwezi uliofuata. Alikuja kukagua kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na kila alipokuja alihesabu vidole arobaini kwanza, halafu akauliza kama kuna cha kukagua jikoni. Suala la kugawana watoto hakulitaja tena. Shangazi naye alionja safari ya tatu, akasema ni kwa ajili ya kichwa kinachomuuma.

Nimebakiza machache ya kuwafaa. Mkiwauzia wavuvi, waambieni ndoano ipite nyuma tu ya kichwa, pana ngozi ngumu, funza atacheza majini muda mrefu. Msidanganye watu kwamba anafaa kila samaki. Ngege na samaki wa kwenye mawe wanampenda. Sangala hamtazami, anataka dagaa aliye hai. Na uzeni mapema. Siku moja nilimpa Athumani kopo la funza waliokuwa wamelala muda mrefu mno. Alilifungua katikati ya maji, nondo wakaruka wote usoni mwake, akaanguka ziwani. Alikuja amelowa.

"Dada, chambo chako kimeondoka. Kimesema hakirudi."

Kesho yake alikuja tena kulalamika, na keshokutwa, kopo lile lile. Aliendelea kulalamika mpaka akanioa. Baba mdogo alisema, si nilikuambia atapatikana.

Sasa wavuvi wengi wananunua chambo cha plastiki chenye rangi za pipi, na wengine wananipigia simu kuuliza bado nauza. Siuzi. Magoti yamekataa njia ya Simbo, na Mzee Ntahondi hayupo wa kunitukania nondo. Chungu kipo. Nimemwachia binti wa mdogo wangu Tatu, naye anawatangaza funza kwenye simu yake na picha, kila mmoja anaonekana kama bwana harusi.

Kila Idd wadogo zangu huja. Hamisi ni fundi wa injini za boti, Tatu amestaafu ualimu, Mrisho ana duka mjini na tumbo linalofika kabla yake. Kabla sijapakua chakula, nawakalisha mkekani, miguu mbele. Wajukuu wanatucheka. Nahesabu polepole kwa sababu macho yamepungua: vyangu vilivyopinda, vya Hamisi vyenye grisi isiyotoka, vya Tatu vilivyopakwa rangi. Vya Mrisho nahesabu mwisho, maana yeye mwenyewe ana miaka mingi hajaviona.

"Dada," huniuliza akiwa amelalia mgongo, "vyangu vipo vyote?"

"Vipo, Mrisho. Arobaini kamili. Inuka tukague jikoni."